Nusu Mstari Mbele

Jumatatu, 4 Machi

Leo seremala amekiondoa kiti changu. Kilikuwa upande wa kushoto wa jukwaa, nyuma ya pazia. Hapo nimekaa miaka kumi na tisa, mswada mapajani na tochi ndogo mkononi, nikimnong'oneza mwigizaji anapopotewa na maneno. Hiyo ndiyo kazi yangu, na waigizaji wamenipa na jina lake: Bi Mnong'ono.

Mwongozaji wetu alikuja kuniambia mwenyewe.

"Bi Mnong'ono, usinielewe vibaya. Pale itasimama mashine."

"Na hiyo mashine itamkumbusha mtu maneno?"

"Haikumbushi mtu. Inaonyesha picha."

Nilinuna, nakiri. Nikaenda kukaa safu ya mwisho ya watazamaji, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Nje mvua ya kwanza ilikuwa imeanza kugonga bati. Wakazima taa, wakawasha projekta yao, ndogo kuliko kichwa cha cherehani, na kwenye ukuta wa nyuma akatokea ndege. Amechorwa kwa penseli, mistari yake inatetemeka kidogo kama vile aliyemchora bado hajainua mkono. Akatua juu ya swichi ya taa, ile swichi yenyewe ya kweli, akajikuna, akarukia kwenye ufa wa plasta, akaufuata mpaka juu, akapotea.

Nilipiga ukelele. Mimi, mjane wa miaka hamsini na sita. Ukumbi mzima ukageuka kunitazama.

Mambo kama haya nilikuwa nikimsimulia mume wangu jioni. Alikuwa fundi wa vioo vya madirisha. Angekaa kwenye kigoda akisugua vidole kwa mafuta ya taa, ananisikiliza hadi mwisho. Sasa ni miezi minane hayupo, na bado nimerudi nyumbani na habari mdomoni. Basi nimenunua daftari hili. Nitaandika mpaka mchezo ufunguliwe, tarehe 27 Aprili.

Jumanne, 5 Machi

Nimemjua mwenye ndege. Ni binti mmoja mchora katuni, wanamwita Kifutio kwa sababu blauzi yake haikosi vumbi la raba. Wamempa stoo iliyo kando ya jukwaa. Ana meza yenye kioo juu na taa chini yake; anaweka karatasi juu ya karatasi, ile ya chini inaonekana, anachora tena kitu kilekile lakini kimesogea kidogo tu.

"Sekunde moja, mama, ni karatasi kumi na mbili."

"Na mchezo una sekunde ngapi?"

"Usiniulize, nitalia."

Amechora mwaka mzima. Maboksi yamepangwa hadi dirishani. Kilichobaki ni kuziunganisha picha na maneno ya mchezo. Nilipitisha kidole pembeni mwa kile kioo cha meza. Hakikusuguliwa, kinakata. Marehemu asingemwachia mteja kioo cha namna hii.

Jumatano, 6 Machi

Nieleze na mchezo wenyewe. Mzee aliyekuwa tarishi amestaafu. Siku moja anafungua mkoba wake wa kazi na kukuta barua moja ambayo hakuipeleka. Anatoka kwenda kuipeleka, lakini mtaa umebadilika, nyumba zimehama, na wa kumwongoza ni ndege tu. Jukwaani yuko mtu mmoja wa kweli karibu muda wote. Milango, ngazi, mbwa, mvua, vyote ni vya kuchorwa na vina sauti zake.

Huyo mtu mmoja ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu. Ameigiza miaka arobaini. Tangu tumzike mdogo wake alikuwa amekataa kila kazi. Aliwaambia ndugu mbele yangu kwamba maneno yamemwisha. Hii ndiyo ya kwanza aliyoikubali. Sijamwambia mtu, ila nimeishikilia kazi hii kwa niaba yake kama mtu anavyoshikilia ngazi aliyopanda mwenzake.

Ijumaa, 8 Machi

Shemeji amekwenda kliniki ya macho. Kifutio hakutaka kupoteza siku.

"Mama, nisomee mchezo wote, nikurekodi kwenye simu yangu. Nataka nijue kila neno linaangukia wapi, ili picha nazo niziangushe hapohapo."

Nikamsomea wote, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kwa sauti ile niliyoizoea. Dakika arobaini na tisa. Alisema sauti yangu inatembea vizuri. Nimerudi nyumbani na mvua yote kichwani na sikuhisi baridi.

Jumapili, 10 Machi

Mvua. Nimefua, hazikukauka.

Jumatatu, 18 Machi

Nimechorwa! Kifutio alikuwa na upungufu wa jirani mmoja wa kupanda ngazi. Akaniomba nipande zile ngazi za kwenda chumba cha taa mara sita, akinipiga picha kwa simu. Leo amenionyesha: bibi mmoja wa penseli, mkoba kwapani, anapanda, anasimama katikati kupumua, anashika kiuno, anaendelea.

"Huko kushika kiuno nilifanya mimi?"

"Mara zote sita, mama."

Nimecheka hadi machozi. Nimemwomba karatasi moja, akanipa tatu.

Jumatano, 20 Machi

Kifutio amemfuta mbwa mzima. Anaanza upya.

Alhamisi, 28 Machi

Mazoezi ya kwanza ya mtu na picha. Nilifika saa moja kabla.

Balaa. Lakini balaa la kuchekesha, mwanzoni. Ndege alitua begani, ila bega lenyewe lilikuwa bado hatua mbili nyuma, kwa hiyo akakaa hewani anajisafisha. Mlango ukafunguka kabla haujabishwa, ukafungwa, ndipo Shemeji akabisha. Mbwa akamkimbiza mtu ambaye hajafika.

Shemeji akasimama, mikono kiunoni. "Huyu ndege ana haraka ya wapi? Ameacha mboga jikoni?"

Tukacheka wote. Mwongozaji peke yake hakucheka. "Mzee, picha haijui kusubiri. Wewe ndiye wa kuifuata."

Wakarudia. Mara ya tatu Shemeji aliharakisha, akajikwaa, akasema maneno ya ukurasa wa saba akiwa ukurasa wa tano. Hakuna aliyecheka tena.

Ijumaa, 29 Machi

Vilevile. Mwongozaji alinikuta nakunja mwavuli mlangoni.

"Wewe ni mtu wa nyumbani kwake, nakwambia wewe kwanza. Mpaka Ijumaa ya tarehe 12. Asipoiwahi picha, namweka Spika."

Spika ni mwigizaji wetu mwenye sauti nzito, umri wake nusu ya wa Shemeji, na ananyoosha maneno kama mtu anayepiga pasi. Ataweza. Hilo ndilo linaloniuma.

Nilimwona Mwongozaji leo kuwa ni mtu asiye na moyo. Nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyoona.

Jumanne, 2 Aprili

Shemeji alikuja nyumbani alasiri, viatu vimejaa maji. Alikuwa na saa ya mkononi ya kupimia mbio. Akasogeza meza, akaanza kutembea sebuleni kwangu akisema maneno ya tarishi, jicho moja kwenye saa.

"Pungufu ya sekunde nne," anasema. Anarudia. "Sasa tatu, lakini nimesema kama muuza mnada."

Nikamwekea chai. Akakaa.

"Nimezeeka, shemeji. Nimeshindwa mbio na mchoro."

"Hujazeeka, unapumua tu. Watu hupumua."

"Mdogo wangu angenicheka."

"Angekucheka, ila angechelewa kuanza."

Akacheka mwenyewe. Mume wangu alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Watu wote walimmalizia maneno, na wa kwanza alikuwa huyu kaka yake, kwa mapenzi, ili asiaibike. Mimi sikuwahi. Siku aliyokuja kuniposa alikwama kwenye "nata" ya "nataka". Nilikuwa nimeinjika maji ya chai; yalichemka, yakapungua, yakakaribia kukauka, nami nimekaa namtazama. Aliponiambia hadi mwisho, alikuwa na jasho kama amebeba kabati.

"Mimi ningemmalizia," Shemeji alisema.

"Najua. Tungeoana dakika tano mapema."

Aliondoka akiwa amesahau saa yake mezani. Nimekuwa nikiisikia, inatikatika.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimekaa kitandani na daftari. Niandike kwa utaratibu.

Leo mazoezini nilikaa safu ya mwisho kama kawaida. Sikutaka kumwona Shemeji akikimbizwa, basi nikafumba macho. Na kwa kuwa nimezoea, midomo yangu ikaanza kwenda na mswada, bila sauti. Nikasikia mlango wa picha ukilia. Ulilia pale pale midomo yangu ilipofika kwenye neno "mlango". Nikasema labda imetokea tu. Nikaendelea. "Mbwa", mbwa akabweka. "Mvua", mvua ikaanza. Kila kitu kilikuwa kinaanguka kwenye mdomo wangu. Na Shemeji, kule mbele, yuko nusu mstari nyuma yetu.

Nikafumbua macho.

Mtu wa kazi yangu hasomi pamoja na mwigizaji. Husoma mbele yake, nusu mstari hivi, ili akianguka akute neno limeshafika. Tena hasomi pumzi. Mnong'ono hauna mahali pa kutua, unakwenda tu. Nimefanya hivyo miaka kumi na tisa, hata orodha ya sokoni naisoma hivyo. Na tarehe 8 Machi nilimsomea Kifutio mchezo wote kwa sauti niliyoizoea.

Picha haikuwa na haraka. Picha ilikuwa inanifuata mimi.

Niliingia stoo bila kubisha. Kifutio alikuwa anakula mkate juu ya boksi.

"Mwanangu, ni mimi."

"Naona ni wewe, mama."

"Hapana. Ni mimi niliyemharibia Shemeji." Nikamweleza.

Aliweka mkate chini. Akawasha kompyuta, akaweka sauti yangu upande mmoja na rekodi ya mazoezi ya jana upande wa pili, akazisikiliza pamoja. Kweli. Bi Mnong'ono yuko mbele, Shemeji nyuma, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kama mtu na kivuli chake asubuhi.

"Basi nimrekodi yeye, nizivute picha zimfuate," alisema.

"Utamfuata wa siku gani? Jana alinyamaza kwenye barua, leo kanyamaza kwenye ngazi. Hajawahi kusema kitu mara mbili sawasawa. Ndiyo maana watu wanamlipia kiingilio."

Kifutio alijishika kichwa. Vumbi la raba likabaki kwenye nywele. Mvua ilikuwa inapiga bati. Kisha akasema polepole, kama anayeogopa kuliamsha wazo lenyewe:

"Mama. Kama picha isingekuwa moja? Nikiikata vipande. Kipande kinafika mahali, kinangoja. Mzee akisema neno lake, mtu anabonyeza kitufe, kinakuja kingine."

"Na kinapongoja, kinafanya nini? Kinaganda kama picha ya ukutani?"

"Hapo ndipo sijui," alisema. Lakini macho yake yalikuwa yanawaka, na nadhani yangu pia.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimemwambia Mwongozaji. Nilitegemea kelele. Alikaa kwenye ngazi ya jukwaa.

"Kwa hiyo tatizo si Mzee."

"Tatizo ni mimi."

"Na umekuja kusema mwenyewe." Akatazama viatu vyake. "Bi Mnong'ono, unajua nani alinifundisha kusimama hapa? Nilikuwa na miaka ishirini, natetemeka. Mzee aliniwekea mkono mgongoni, akaniambia, simama kama vile una deni la mtu na leo una hela. Tangu nilipokwambia habari za Spika sijala vizuri."

Kumbe. Nimeyasoma tena niliyoandika tarehe 29, nikataka kuyakata. Nimeyaacha yalivyo.

Lakini tarehe 12 iko palepale. Picha ya kungoja ikifaulu siku hiyo, Shemeji anabaki. Isipofaulu, tunarudi kwenye picha ya mwanzo, na Spika anavaa mkoba wa tarishi. "Siwezi kuwafungulia watu kitu ambacho hakijaiva," alisema. Haki yake.

Jumamosi, 6 Aprili

Vituo thelathini na kimoja vya kungojea. Kila kimoja karatasi nane. Siku sita.

Kifutio aliniuliza, "Mama, ndege anangojaje?"

Nikafikiri. Nikamwambia anayengoja kweli hagandi. Anayeganda anamwambia mwenzake, nimechoka na wewe. Anayengoja vizuri anajishughulisha kidogo, anatazama pengine, anajifanya hajaona kwamba wewe umekwama.

Akachora ndege anainua bawa, anajisafisha chini yake, anashusha, anatazama pembeni. Karatasi nane, kisha zinarudi mwanzo bila kuonekana kiungo. Tuliitazama ikienda mara ishirini. Sikuchoka.

Jumapili, 7 Aprili

Nafuta alama za vidole kwenye karatasi na kuandika namba pembeni. Mgongo.

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua ya kutosha. Vituo kumi na nne.

Jumanne, 9 Aprili

Nani atabonyeza? Mwongozaji aliuliza, kila mtu akatazama dari. Kifutio alisema yeye anajua picha, hajui mtu. Fundi wa taa alisema mikono yake miwili ina kazi. Spika ndiye aliyesema, kwa ile sauti yake: "Kuna mtu hapa anajua pumzi zetu zote kuliko mama zetu. Mnamtafuta nani?"

Sijawahi kugusa kompyuta ya watu. Nimewaambia nitajaribu. Nimekuja nyumbani nimebonyeza meza jioni yote.

Alhamisi, 11 Aprili

Thelathini na kimoja! Kifutio amelala juu ya boksi la mbwa, saa nane mchana. Nimemfunika kwa khanga.

Ijumaa, 12 Aprili

Chumba cha taa kiko juu, nyuma ya watazamaji. Kutoka pale jukwaa ni dogo kama sinia. Nilikaa, kidole juu ya kitufe, Kifutio kushoto kwangu.

Mara ya kwanza nilibonyeza mapema. Bila shaka. Mlango ukafunguka usoni pa Shemeji.

"Shemeji!" akapaza sauti. "Umenikata!"

"Samahani!"

Mara ya pili nikabonyeza mapema tena, kwa mbwa. Kidole changu kimesoma mbele miaka yote hii. Hakikujua njia nyingine. Mwongozaji alisimama kwenye safu ya tatu, mikono mfukoni. Spika alikuwa kando, na yule mkoba wa tarishi wa akiba umekaa miguuni pake. Alikuwa ameugeuzia mgongo.

"Mara ya mwisho," Mwongozaji alisema.

Nilifunga mswada. Kifutio akanitazama kama nimepagawa. Lakini nilikuwa nimeelewa: nikiwa na maandishi mbele yangu nitasoma tu. Nikaweka mkono wa kushoto mapajani, nikamtazama Shemeji jinsi nilivyomtazama mdogo wake siku ya chai. Sikumfikiria anakwenda kusema nini.

Akaanza. Ndege akatua begani, begani kweli, na Shemeji akainamisha kichwa kidogo kumpa nafasi. Mbwa akaja kwa wakati wake. Tukafika mahali anapoisoma barua. Hapo aliacha. Akaacha tu, barua mkononi, na ukumbi ukawa kimya hadi nikasikia matone yakidondoka kwenye ndoo nyuma ya jukwaa. Ndege akainua bawa, akajisafisha, akatazama pembeni. Mara moja. Mara mbili. Kifutio alinishika goti. Mara tatu. Shemeji akainua macho, akamtazama yule ndege kama ndiyo kwanza anamwona, akasema, "Bado uko?"

Maneno hayo hayamo kwenye mchezo.

Kisha akasema yaliyomo, akainua mkono kubisha, nikabonyeza, na mlango ukafunguka kwenye vifundo vya vidole vyake. Kwenye vifundo vyenyewe! Nilihisi kama nimeufungua mimi kwa mkono wangu.

Wakawasha taa. Mwongozaji alitoka nje mvuani, akarudi ameloa. "Tunaendelea na Mzee," alisema, na wa kwanza kupiga makofi alikuwa Spika.

Shemeji alipanda zile ngazi hadi kwetu, anahema. Akakaa sakafuni.

"Nilipokuwa pale kimya," aliniambia, "nikaona ndege hana neno na mimi. Nikamkumbuka yule mwenzako. Miaka yote nilidhani anakwama, ndiyo maana nilikuwa namvuta. Kumbe alikuwa anakuja."

"Alikuwa anakuja," nilisema.

Kifutio alijifanya anatafuta kitu chini ya meza.

Jumamosi, 20 Aprili

Mazoezi mara mbili leo. Nimebonyeza mara mia na ishirini, nimekosea mbili. Naota mbwa.

Ijumaa, 26 Aprili

Mvua imepungua. Tiketi za kesho zimekwisha, na watu wanapiga simu kuuliza kama ni kweli ndege anakula mkononi. Sijaweza kumaliza chakula, ila si kwa huzuni. Nilikuwa nimeisahau njaa ya aina hii, ya kukosa nafasi tumboni kwa furaha.

Jumamosi, 27 Aprili

Maonyesho yalianza saa kumi alasiri. Ukumbi ulijaa hadi kwenye vijia. Ndege alipotokea kwenye ile swichi ya ukutani, mtu fulani safu za mbele alipiga ukelele, na nikampenda mtu huyo bila kumjua.

Kila kitu kilikwenda, hadi kwenye ngazi. Pale tarishi anasimama chini, anasema, "Namba kumi na moja, ghorofa ya pili, mlango wa bluu," kisha anapanda. Shemeji alifika, akasimama, akanyamaza.

Nikangoja. Ndege akajisafisha. Mara moja, mara nne, mara sita. Watu wametulia, wanaona ni mchezo. Kifutio ametulia. Mimi nikaona taya la Shemeji linatembea.

Mtu anayenyamaza huwa taya lake limelala. Aliyesahau hurudi nyuma. Mdomo unarudia mstari uliopita, na uliopita tena, kama mtu anayerudi njiani kutafuta funguo zilizoanguka. Nimeliona hilo mara mia. Na kila mara nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, na mnong'ono mdomoni. Sasa niko mwisho wa ukumbi, watu mia tatu katikati yetu. Ningepiga kelele wangesikia wote.

Nikashika kompyuta. Nikaruka vipande viwili mbele.

"Mama, bado!" Kifutio alininong'oneza.

"Najua."

Nikabonyeza. Juu kabisa ya ukuta, mbali na ngazi, mlango wa bluu ulijichora peke yake, mstari baada ya mstari, na katikati yake ikaandikika namba kumi na moja.

Shemeji akainua uso. Taya likasimama.

"Namba kumi na moja," alisema, taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa nyumba yake. "Ghorofa ya pili. Mlango wa bluu." Na ukumbi ukapiga makofi, wakidhani ndivyo tulivyopanga.

Nikabonyeza kurudi kwenye ngazi.

Baadaye, chumba cha kubadilishia nguo, Shemeji alikuwa anafuta poda usoni. Nilidhani atanishukuru.

"Shemeji, kwa nini umeniletea mlango mapema?"

"Ulikuwa umesahau."

"Nani kakwambia nilisahau? Nilikuwa nanyamaza."

"Taya lilikuwa linatembea."

"Nilikuwa natafuna pumzi."

"Pumzi haitafunwi, shemeji."

"Wewe unajua nini, umekaa huko juu na kitufe." Akajipangusa, akanitazama kwenye kioo, na sikuweza kujua kama anacheka. "Kesho tutaona."

Jumapili, 28 Aprili

Onyesho la pili. Leo watu walisimama hadi mlangoni.

Alifika kwenye ngazi. Akasimama palepale pa jana. Akanyamaza.

Nikatazama taya. Limelala. Miguu imetulia, mkoba umetulia, na macho yake yalipita juu ya vichwa vya watu wote yakaja moja kwa moja hadi kwenye kidirisha cha chumba cha taa. Alikuwa ananitazama mimi. Ananingoja nimmalizie.

Ndege akainua bawa, akajisafisha, akatazama pembeni. Mara tano. Mara nane. Kikohozi kimoja. Mara kumi, na watu wachache wakaanza kucheka, kisha kicheko kikajifia chenyewe, ukumbi ukaingia kimya kile kizito ambacho hata mtu wa safu ya mwisho anakihisi shingoni. Kifutio alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Kidole changu kiliniwasha. Nikakiondoa kwenye kitufe, nikaikalia mikono yangu, yote miwili, kama mtoto darasani.

Mara kumi na nne.

"Namba kumi na moja," Shemeji alisema, na tabasamu likampasua uso mbele ya watu wote. Ukumbi uliruka. Sijawahi kusikia makofi ya namna ile miaka yote kumi na tisa. Nikachomoa mkono haraka, nikabonyeza, na mlango wa bluu ukaja kwa wakati wake.

Tulipokutana chini alikuwa bado amevaa kofia ya tarishi, jasho linamtiririka, anang'aa.

"Ningeweza kukaa pale mpaka kesho," alisema.

"Hata sisi," nikamwambia.